Kimya Kinachouzwa

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuijua motokaa ya fahari, kwa maana hiyo ni kitu kizuri na bado hujitembeza: hujitembeza kwa magurudumu manne barabarani, na hujitembeza kwa maneno katika kurasa za matangazo. Magurudumu yake hayana lawama. Hoja hii yahusu maneno yake. Katika sifa zote ambazo motokaa ya wenye mali imepata kusifiwa, hapana iliyoenea sana na kuhojiwa kidogo kama sifa ya kimya. Yasemwa kuwa ndani ya motokaa fulani, hata iendapo kwa kasi kubwa, hamna sauti ila pumzi ya abiria na mlio wa saa. Dai hili si kweli. Halikuwa kweli lilipotolewa kwa mara ya kwanza, si kweli leo, na kwa jinsi hewa na barabara zilivyoumbwa haliwezi kuwa kweli kesho. Wala lisidhaniwe kuwa ni jambo dogo la wafanyabiashara na wateja wao, kwa sababu neno likiharibiwa sokoni haliwaharibikii wanunuzi peke yao.

Mwaka 1958 David Ogilvy, Mwingereza aliyefanya kazi ya kuandika matangazo mjini New York, aliandika tangazo la motokaa ya Rolls-Royce. Kichwa chake kilidai kuwa motokaa hiyo ikienda mwendo wa maili 60 kwa saa, yaani kilomita 97 hivi, sauti iliyo kubwa kuliko zote ndani yake hutoka katika saa ya umeme. Ogilvy hakulibuni dai hilo. Alikuwa amesoma habari za motokaa hiyo kwa muda wa majuma matatu, akalikuta limesemwa na mhariri wa mambo ya ufundi wa The Motor, gazeti la Uingereza. Wala mhariri huyo hakuwa wa kwanza. Mwaka 1933 tangazo la motokaa za Pierce-Arrow, huko Marekani, lilikuwa limekwisha kuitumia saa ya umeme kwa kazi iyo hiyo. Kiwanda cha Pierce-Arrow kilikufa mwaka 1938, lakini saa yake iliendelea kupiga ndani ya motokaa za wengine. Tangazo la 1958 lilisifiwa likasifiwa tena, na hata leo hufundishwa kwa vijana waingiao kazi ya matangazo kuwa ni kielelezo cha uandishi ulio bora. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na tembo la kimya limetiwa maji tangu siku hiyo.

Mwanafunzi wa fasihi ataijua mara moja mbinu iliyotumiwa. Ni chuku. Chuku si dhambi. Mshairi akisema kuwa machozi yake yamejaza bahari, hapana msikilizaji aendaye ufukweni kupima kina cha maji, kwa kuwa msemaji na msikilizaji wamekwisha kupatana kabla ya neno la kwanza kutamkwa. Lakini chuku ya saa ilivaa kanzu ya ushahidi. Ilitaja mwendo; ilitaja tarakimu; ilimtaja na shahidi, naye ni mtu wa ufundi. Tena ilikuwa na werevu mwingine: haikusema kuwa motokaa ina kimya, bali ilimwachia msomaji aseme mwenyewe moyoni. Msomaji akifikiri udogo wa mlio wa saa, huhitimisha kuwa sauti nyingine zote ni ndogo zaidi, na hitimisho hilo hulipenda kwa kuwa amelifikia kwa akili yake. Basi, chuku ikivaa kanzu ya shahidi na kupanda kizimbani, haina haki tena ya kusikilizwa kama shairi. Yapasa iulizwe maswali kama shahidi yeyote.

Swali la kwanza ni la kipimo. Sauti hupimwa kwa desibeli, neno lililotokana na jina la Alexander Graham Bell. Kipimo hiki si kama pishi wala ratili, na asiyeijua tofauti hiyo atadanganywa kila siku. Pishi 60 za mchele ni mara mbili ya pishi 30. Desibeli 60 si mara mbili ya desibeli 30. Kila zinapoongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huwa imezidishwa mara 10; kwa hiyo desibeli 60 zina nguvu mara 1,000 kupita desibeli 30. Sikio la binadamu, ambalo ni chombo chenye huruma, halilihisi ongezeko hilo lote. Kwa kadiri ya sikio, kila desibeli 10 ni kama sauti iliyokuzwa mara mbili tu, na hivyo desibeli 60 husikika kubwa mara 8 hivi kuliko desibeli 30.

Sasa shahidi aulizwe. Mlio wa saa ndogo katika chumba kilichotulia hukaribia desibeli 30, na mara nyingi haufiki. Mazungumzo ya watu wawili walioketi mita moja baina yao ni desibeli 60 hivi. Motokaa za fahari za zama hizi, zilizo mpya na zilizofungwa barabara, zipimwapo katika mwendo wa kilomita 110 kwa saa kwenye lami laini, huonyesha desibeli 60 na zaidi kidogo. Motokaa za watu wa kawaida hukaribia 70. Yaani motokaa iliyo tulivu kuliko nyingi duniani, katika mwendo wa safari, ina sauti ya mtu anayezungumza bila kunyamaza tangu mwanzo wa safari hata mwisho. Ili saa iwe na sauti iliyo kubwa kuliko zote ndani ya chumba kama hicho, ingelazimika kupaaza mlio wake uzidi sauti ya mazungumzo, na mwenye saa ya namna hiyo angeitupa dirishani kabla hajafika mji wa pili. Na hizo ni motokaa za leo. Ile ya 1958 ilikuwa na bodi iliyoketishwa juu ya fremu, kioo cha kawaida, uso uliosimama wima mbele ya upepo, na tairi za ufundi wa kale. Hapana njia ambayo mzee angeweza kuwa mtulivu kuliko wajukuu waliofundishwa kwa miaka 60 namna ya kunyamaza.

Swali la pili ni la asili ya kelele, na hapa ndipo jambo lenyewe lilipo na utajiri. Watu wengi hudhani kuwa kelele ya motokaa ni kelele ya injini. Hivyo ndivyo ilivyo motokaa inapoondoka, au inapopanda mlima. Lakini mwendo ukishafika kilomita 50 kwa saa, tairi huishika enzi. Tairi hupiga barabara kama viganja vipigavyo ngoma. Kila kokoto iliyochomoza ni pigo, na hewa iliyomo ndani ya tairi nayo huvuma kwa sauti yake, mitetemo 200 hivi kwa sekunde au kupita kidogo. Mvumo huo hupita katika ekseli, ukapanda katika bati la sakafu, ukaingia chumbani kwa njia ambayo hapana dirisha liwezalo kuifunga. Mwendo ukizidi kilomita 100, upepo nao hudai enzi yake. Hupasuka kwenye nguzo za kioo cha mbele, huzunguka vioo vya pembeni, na hutafuta kila upenyo wa mpira wa mlango.

Watu wa pwani wana neno shwari, nalo ni hali ya bahari upepo unapokufa. Motokaa iendayo haiwezi kuiona shwari hata siku ambayo kuti la mnazi halitikisiki, kwa maana yenyewe ndiyo iuumbayo upepo wake. Aendaye kilomita 110 kwa saa katika hewa iliyotulia yumo katika upepo wa kilomita 110 kwa saa, na upepo wa namna hiyo ukikutwa baharini huitwa tufani. Tena nguvu ya kelele ya upepo haikui sawasawa na mwendo. Hukua karibu kwa kadiri ya mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara sita. Mwendo ukiwa maradufu, nguvu ya kelele hiyo huwa mara 64, ambazo ni desibeli 18. Mtu akitoka kilomita 100 akaenda 130 kwa saa, nguvu ya kelele ya upepo huzidi mara 5 kasoro kidogo, ambazo ni desibeli 7 hivi. Kwa hiyo asemaye kuwa motokaa yake ina kimya hajasema neno mpaka ataje kimya hicho ni cha mwendo gani. Motokaa moja yaweza kuwa msikiti katika kilomita 60 na soko katika kilomita 140.

Hapana budi kutoa haki kwa wenye haki. Usione vyaelea, vimeundwa. Wahandisi wa motokaa hizi wamefanya kazi kubwa, nao si wao wanaoshitakiwa hapa. Wametia utando laini baina ya vipande viwili vya kioo ili kioo kisitetemeke kama ngozi ya ngoma. Wamejaza povu ndani ya tairi ili mvumo wa hewa yake ufe humo humo. Wamepanga spika zitoazo sauti kinyume cha mvumo mnene, mawimbi mawili yakikutana yaangamizane. Na wazo hilo lilikuwa limekwisha kuandikiwa haki ya uvumbuzi na Paul Lueg mwaka 1936. Wameongeza uzito juu ya uzito, wakijua kuwa ukuta ukifanywa mzito mara mbili huzuia desibeli 6 tu zaidi, na kwamba kila desibeli inayofuata ni ghali kuliko iliyotangulia. Matunda yao ni ya kweli. Baina ya desibeli 70 na desibeli 62 mna tofauti ambayo mwili wa msafiri hushukuru kwayo jioni. Ajabu ni hii: watu walio na jambo la kweli la kusema wamesemewa jambo la uongo, na uongo umewanyima sifa ya kazi yao. Aliyepunguza kelele kwa jasho akisifiwa kuwa ameiondoa, jasho lake limefutwa lisionekane.

Baada ya saa ya umeme zilikuja bilauri. Mwaka 1989, Lexus LS 400 ilipoanza kuuzwa Marekani, tangazo lake katika televisheni lilionyesha bilauri za mvinyo zimepangwa ngazi juu ya ngazi juu ya boneti, na magurudumu yakizungushwa hata mwendo wa maili 145 kwa saa, wala bilauri moja isianguke. Injini ile ilistahili kusifiwa. Lakini mtazamaji na atazame chini, si juu. Motokaa ile ilikuwa imesimama. Magurudumu yake yalizunguka juu ya magogo ya chuma ndani ya nyumba. Hapakuwa na upepo, na hapakuwa na kokoto. Majitu mawili yaletayo kelele ya mwendo, upepo na barabara, yalifungiwa nje ya mlango, kisha ushindi ukatangazwa. Kilichothibitishwa ni kuwa injini haitikisiki. Kilichoaminiwa na watazamaji ni kuwa motokaa ni tulivu kwa kasi ya maili 145. Baina ya kilichothibitishwa na kilichoaminiwa pana bonde, na tangazo halikujenga daraja juu yake, bali lilitandika zulia.

Zama za bilauri zikafuatwa na zama za asilimia. Mwaka 2017 Rolls-Royce ilipotoa Phantom mpya ilitangaza kuwa imetiwa kilo 130 na zaidi za vitu vya kuzuia sauti, na kwamba katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa imezidi kimya cha Phantom iliyotangulia kwa asilimia 10. Msomaji mwenye haraka atasema kuwa hapa mwishowe pana tarakimu. Mwenye subira atauliza: asilimia 10 ya nini? Ikiwa ni asilimia 10 ya nguvu ya sauti, basi kilichopungua ni nusu desibeli, tofauti ambayo ni shida kwa sikio kuitambua. Ikiwa ni asilimia 10 ya ukubwa wa sauti kama sikio lisikiavyo, kilichopungua ni desibeli moja na nusu. Na ikiwa ni asilimia 10 ya hesabu ya desibeli zenyewe, tuseme kutoka 60 hadi 54, basi nguvu ya sauti imepunguzwa ikabaki robo, na hiyo ni kazi ya kupigiwa makofi. Sentensi moja ina maana tatu, na baina ya ndogo na kubwa pana umbali wa mara 12. Mwenye duka akimwambia mnunuzi kuwa kitambaa kimezidishwa kwa asilimia 10, kisha akakataa kusema ni urefu, upana au uzito, mnunuzi angekunja fedha yake na kwenda zake. Katika soko la kimya mnunuzi hulipa na kushukuru.

Hata desibeli zikitajwa kwa unyofu, bado pana pazia moja la kufunuliwa. Vipimo vya motokaa hutolewa karibu daima katika hali ya chombo iitwayo A. Hali hii hukata sauti nene kabla ya kuzihesabu, ili chombo kifanane na sikio. Sauti ya mitetemo 63 kwa sekunde hukatwa desibeli 26. Mfano wa sikio uliofuatwa ulitokana na majaribio ya Fletcher na Munson yaliyotolewa mwaka 1933, nao ni mfano wa sikio linalosikiliza sauti ndogo. Sasa kelele ya motokaa iendayo kwa kasi, hasa iliyofungwa vizuri, ina wingi wa sauti nene, kwa kuwa kioo na zulia huzishinda sauti nyembamba kwa urahisi na kushindwa na zile nene. Basi kilichobaki ndani ya motokaa ya fahari ni kile kile ambacho kipimo kimekubali kukifumbia macho. Motokaa mbili zaweza kuonyesha tarakimu moja, na moja ikawa na mrindimo wa chini unaokandamiza masikio na kumchosha mtu pasipo yeye kujua sababu. Hali A haina hila ndani yake. Hila ni ya anayeitaja peke yake na kujifanya ametaja yote.

Mtetezi wa matangazo atainuka hapa na kutoa jibu lake, na jibu hilo lastahili kusikilizwa. Atasema kuwa sikio halikuumbwa kuwa chombo cha maabara. Mvumo usiobadilika husahauliwa, na mlio mdogo uendao na kurudi hutambuliwa. Kwa hiyo abiria wa 1958 aliweza kweli kuhisi kuwa aisikia saa na hasikii kingine. Jibu hili lina chembe ya haki. Lakini lapungukiwa kwa mambo mawili. Kwanza, mvumo mkubwa humeza mlio mdogo. Hausahauliki kwa ukarimu ili mlio upate nafasi. Anayetaka uthibitisho na amwombe mwenziwe anong'one kutoka kiti cha nyuma katika mwendo wa kilomita 110. Pili, kilichosahauliwa na nia hakijasahauliwa na mwili. Tangu mwaka 1911 Étienne Lombard, tabibu wa Ufaransa, alionyesha kuwa mtu aliye katika kelele hupaaza sauti yake bila kujua. Wasafiri wawili wanaoshuka motokaani wakiendelea kusemezana kwa nguvu, ilhali mahali waliposhukia pametulia, wametoa ushahidi juu ya motokaa yao, na ushahidi huo haukuandikwa na mtu wa matangazo.

Atasema tena kuwa motokaa ya umeme imekwisha kuimaliza kesi hii, kwa kuwa haina injini ya kuvuma. Hapana. Injini iliponyamazishwa, upepo na tairi vilivuliwa pazia lililokuwa likivificha. Kwa mwendo wa polepole motokaa hizo kweli zina kimya, hata Jumuiya ya Ulaya ikaamuru kuwa tangu Julai 2019 kila aina mpya itolewayo itiwe chombo cha kutoa sauti katika mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa, wasije wakakanyagwa vipofu na watoto. Basi pale ambapo kimya kipo, sheria imelazimika kukivunja. Na pale ambapo kimya chauzwa, katika kasi, hakipo.

Mwisho mtetezi atauliza: nani amedhurika? Tajiri amenunua chuku, na chuku yake haimnyimi maskini usingizi. Hili ndilo jibu baya kuliko yote, kwa sababu ndilo lililo mbali zaidi na kweli.

Adhurikaye wa kwanza ni dereva na yule aliye mbele yake. Dereva huipima kasi kwa macho na kwa masikio pia. Majaribio yameonyesha kuwa sauti ikipunguzwa, watu huikadiria kasi kuwa ndogo kuliko ilivyo. Anayeaminishwa kuwa kimya ni alama ya usalama atakwenda kilomita 130 akidhani yumo katika 110, na uzito wa motokaa yake, unaopita tani mbili na nusu katika Phantom, hautadhani pamoja naye.

Adhurikaye wa pili ni mnunuzi wa mkono wa pili. Wengi wa wanunuzi wa motokaa katika Kenya na Tanzania hununua zilizokwisha kutumika Japani. Tarakimu ya kimya, kama ilipata kuwako, ilipimwa motokaa ilipokuwa mpya, kwa tairi zake za kwanza, juu ya lami iliyotandazwa laini. Mpira wa mlango umekauka kwa jua, tairi zimebadilishwa kwa zile za bei nafuu, na barabara ni ya kokoto zilizomwagwa juu ya lami. Jina lililobandikwa nyuma ya motokaa ni lile lile. Kimya kilibaki bandarini.

Adhurikaye wa tatu, naye ni mkubwa kuliko wote, ni yule aliye kando ya barabara. Kioo kinene hakipunguzi hata chembe ya mvumo wa tairi uendao nje. Hakiui kelele, hukata shauri tu kuwa nani ataisikia. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa nchi za Ulaya, lilishauri kuwa kelele ya barabara ifikayo majumbani isizidi wastani wa desibeli 53 kwa mchana na usiku pamoja, wala isizidi desibeli 45 usiku, kwa ajili ya afya za wakazi. Huyo mkazi hana utando baina ya vioo vyake, wala pengine hana kioo. Kuna njia za kupunguza kelele zinazomfaa yeye pamoja na msafiri: tairi tulivu, lami yenye matundu madogo ya kunyonya sauti, na mwendo wa kiasi. Lakini njia hizo hazina fahari, kwa kuwa manufaa yake hayawezi kufungiwa ndani ya mlango mmoja. Kimya kinachouzwa ni kimya cha mmoja katikati ya kelele aifanyayo mwenyewe. Watu wa zamani walikuwa na jina kwa mtu atupaye taka zake katika ua wa jirani, na jina hilo halikuwa la sifa.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote umetoka kwa watengenezaji wenyewe. Mwaka 2020 Rolls-Royce ilipotoa Ghost mpya, ilieleza kuwa wahandisi wake walipokwisha kutia kilo 100 na zaidi za vitu vya kuzuia sauti, waliona kuwa hali iliyopatikana inawachanganya watu. Ndipo wakavipatanisha viungo vya motokaa vitoe sauti moja ndogo, kama mnong'ono. Maneno haya yana heshima kuliko saa ya umeme ya 1958, kwa sababu yanakiri lililo kweli: kilichotengenezwa ni mpango wa sauti. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa jambo hilo. Kimya ni kutokuwako kwa sauti, nacho ni cha kaburi na cha mtu aliyeamua kutonena. Utulivu ni sauti zilizokaa mahali pake. Motokaa njema ina utulivu. Haina kimya, haijapata kuwa nacho, na haikihitaji.

Basi, auzaye utulivu na auze kwa mizani. Tangu mwaka 2012 muuza tairi wa Ulaya amelazimishwa kubandika juu ya kila tairi jipya desibeli za kelele yake ya nje. Tangu mwaka 1980 pana kanuni ya kimataifa ya kupima kelele iliyo ndani ya motokaa. Kama tairi la mtu wa kawaida lauzwa na hesabu yake, kwa nini motokaa ya bei ya nyumba kumi iuzwe na kitendawili? Na zitajwe desibeli, utajwe mwendo, nao usiwe mmoja, itajwe barabara, zitajwe tairi, zitajwe sauti nene mbali na nyembamba, na itajwe pia kelele inayoachwa nje, kwa wale ambao hawakualikwa safarini. Hayo yakifanywa, mhandisi atapata sifa yake, mnunuzi atapata haki yake, na neno kimya litarudi kwa wenyewe.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Waliosema hivyo hawakuwaza motokaa, lakini asimamaye kando ya barabara kuu usiku, wakati motokaa ya fahari inapopita imefunga vioo vyake vyote, atausikia mshindo huo mpaka utakapopotelea mbali.